Mama Anayehesabu Vikombe, Si Watu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu wa Mlima Elgon umelala chini kama ng'ombe aliyekataa kuamka. Viola Jelimo anatembea ndani yake na panga mkononi, lakini hakati kitu. Anafika kwenye mti, anaugonga kwa mpini, anatega sikio, anapita.

"Mti mzima husema ta," anaeleza bila kugeuka. "Mwenye shimo husema du. Ukisikia du, usiache mtu aegeshe gari hapo."

Kambi ya Korongo Tatu iko mwendo wa saa moja kutoka Kitale. Wageni huja na magari ya kulala, yale yenye kitanda na jiko ndani, na Viola ndiye mwangalizi wa usalama wao. Hukagua mitungi ya gesi, nyaya za umeme, ndoo za mchanga wa kuzimia moto, na matawi yanayoning'inia juu ya watu wasiojua yapo. Analipwa shilingi elfu kumi na sita kwa mwezi, na buti za mpira ni zake mwenyewe.

Kitu kimoja tu hafanyi. Hahesabu watu.

"Kwetu mtu hahesabiwi," anasema mama huyu aliyezaliwa na kulelewa kwenye miteremko ya mlima. "Hata ng'ombe unamjua kwa rangi yake. Ukisema wako kumi na wawili, kuna anayesikia, na kesho ni kumi na mmoja."

Ukimuuliza ana watoto wangapi, anakujibu, "Wako." Ukimuuliza umri, anaangalia viatu vyako mpaka uone aibu navyo.

Lakini bima ni mtoto wa hesabu. Mwaka juzi tawi lilivunjika na kulalia gari tupu, na kampuni iliyoikatia kambi bima ikaweka sharti: kila asubuhi wageni wahesabiwe, idadi iandikwe kwenye daftari. Mwenye kambi, Mzee Ngige, alimweleza Viola kwamba cheti cha bima kikikosekana kambi inafungwa, na wafanyakazi saba wanaenda nyumbani. Saba ni hesabu ya Ngige. Viola alisema tu, "Sisi wote."

Akatafuta njia ya kupita bila kukanyaga mwiko. Alipigilia misumari kwenye ubao jikoni, akatundika vikombe vya bati. Mgeni akifika anapewa kikombe chake. Asubuhi akishakunywa chai anakirudisha msumarini. Viola anahesabu vikombe, anaandika, na hakuna mtu aliyetajwa kwa namba. Karibu mwaka mzima mpango huo ulikwenda vizuri, mpaka asubuhi moja ya Mei.

Siku hiyo Linet Simiyu, mkaguzi wa bima kutoka ofisi ya Kanduyi, pale Bungoma, alifika saa mbili. Alikuja kuamua kama bima itaongezwa. Kambini walikuwa wamelala jamaa wa ukoo mmoja kutoka Webuye, na ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba mtu alikuwa akionekana magoti kwanza, uso baadaye.

Viola alimwonyesha ubao kwa fahari. Vikombe kumi na kimoja vilitoka, kumi na kimoja vimerudi.

"Mama," Linet alimwambia, "sisi tunakata bima ya watu. Sufuria na vikombe ni vyenu."

Kisha akafanya jambo ambalo Viola analisimulia mpaka leo akiwa ameshika shavu. Alinyoosha kidole na kuwahesabu watu waliosimama karibu na moto, mmoja mmoja, kwa sauti. Viola aliziba masikio. Kidole kilifika kumi kikakosa pa kwenda.

"Nilijua ni kile kidole kimemchukua," Viola anasema. "Nikamwambia, mwanangu, si ungehesabu ukiwa kwenu?"

Aliyekosekana alikuwa Mzee Nehemiah Wamalwa, mstaafu wa kiwanda cha karatasi. Binti yake, Nanjala, hakushtuka hata kidogo. Alieleza kwamba alimwita baba yake mara mbili aje kunywa chai, na mara zote mbili akaitika, "Nakuja," kutoka kwenye ukungu. Kwa vile aliitika, Nanjala alikitoa kikombe cha mzee ndani ya gari na kukitundika mwenyewe, kupunguza kazi.

Viola alimuuliza swali moja: sauti ilitoka upande gani?

Nanjala akaonyesha upande wa juu, ambako hakuna choo wala njia. Kuna mti mmoja tu huko, mteki mkubwa unaosema du, ambao Viola aliuzungushia kamba nyekundu asikaribie mtu.

Walimkuta Mzee Nehemiah ameketi ndani ya kamba, mgongo kwenye shina, blanketi mabegani, miguu mitupu na myeupe kwa baridi. Macho yalikuwa wazi. Taya zilikuwa zimekakamaa hata hakuweza kusema, na walimbeba hivyo hivyo mpaka kwenye moto. Blanketi likaanguka njiani, karibu na shina, na hakuna aliyerudi kuliokota.

Alipopata sauti, alisema alitoka garini kabla ya kupambazuka kwa sababu aliitwa kwa jina la utotoni, lile ambalo mama yake alikufa nalo. Nanjala alimuuliza mbona aliitika halafu hakuja.

"Mimi sijaitika mtu," mzee alijibu. "Tangu nitoke, mdomo haujafunguka."

Hapo, Viola anasema, hata maji ya chai yaliacha kuchemka.

Linet bado alikuwa akijaza fomu yake saa nne na nusu tawi la mteki lilipoanguka. Lilikuwa nene kama pipa. Lilitua juu ya lile blanketi. Kwenye fomu kuna mahali pa kuandika hali ya hewa, na Linet aliandika maneno mawili: "Hakuna upepo."

Viola hakujitetea. Alikiri kwamba kikombe kinaweza kurudi bila mwenyewe, na kwamba ujanja wake nusura uzike mtu. Lakini kuhesabu watu alikataa, hata kama kazi ingeisha.

Walielewana hivi: kila asubuhi ataita wageni kwa majina, na kila mmoja aitike akiwa mbele ya macho yake. Majina yatatumwa kwa simu Kanduyi, na Linet atayahesabu huko.

"Nikamwambia, hesabuni tu," Viola anasema, uso ukiwa mkavu kabisa. "Atakayekuja kuchukua, ataanzia Bungoma."

Linet, tulipompigia, hakucheka. Alisema siku hizi anahesabu majina hayo kwa punje za mahindi, kimyakimya, na kalamu ameifungia kwenye droo.

Bima iliongezwa kwa muda tu. Inaisha Jumamosi, na sharti lililobaki ni mteki uangushwe. Kibali kipo. Mkata miti wa kwanza alifika, msumeno wake ukakataa kuwaka. Alipofika Kitale ukawaka kwa mvuto wa kwanza. Wa pili aliugonga mti, akasikiliza, akaomba nauli ya kurudi. Wa tatu anatoka Sirisia Alhamisi. Viola ameahidi kusimama naye mpaka mti ulale. Ana nia ya kukaa kazini hadi mjukuu wake amalize shule, na mbao za mteki huo anataka zitengenezwe benchi la wageni kunywea chai.

"Mti ukishuka, tutajua kama ile sauti ilikuwa na mahali pa kukaa," anasema.

Asubuhi hii anasimama jikoni na daftari. Anaita jina, anangoja uso utokee kwenye ukungu, anaweka alama. Anafika la mwisho. Wote wako mbele yake, vikombe mkononi.

Kutoka upande wa kamba nyekundu, mtu anasema, "Nakuja."

Hakuna anayegeuka. Viola analamba kidole, anafunga daftari.

"Huyo," anasema, "hatujamkatia bima."