Mnaolia kwamba game iko na script, someni jinsi dadu yake ilivyomrudisha baba yangu Kajiado

Wakuu, nawasalimu kutoka Kitengela, ambako upepo wa vumbi wa leo umeamua nguo zote kwenye kamba zifanane rangi.

Kila nikipita jukwaani nakuta mtu analia kwamba game ya mpira ya online imepangwa. Mashuti yote ni yako, possession ni yako, halafu jamaa anavuka nusu ya uwanja mara moja tu na kufunga. Nawaelewa. Nimewahi kurusha mto wa kochi kwa sababu hiyo hiyo.

Ninachosimulia ni cha kweli, na mwenyewe amenipa ruhusa. Alisema, "Waambie, lakini usinifanye mjinga." Nitajaribu.

Mwenyewe ni baba yangu.

Baba amechunga ng'ombe maisha yake yote, huko nyuma ya mji wa Kajiado. Ukame ulipobana aliwaswaga kuelekea Illasit, kule mpakani, kwa sababu wakulima wa kule walikuwa wameshavuna na mabua ya mahindi yalikuwa bado mashambani. Kaka yake, baba mkubwa wangu, aliamua kubaki nyumbani na ng'ombe wake.

Wakiwa njiani mvua ikaja. Ndiyo, ile ile tuliyokuwa tukiiombea kanisani. Ilikuja na baridi, na ng'ombe aliyekonda na kuchoshwa na safari hawezi baridi ya mvua. Wa baba walilala kwenye tope, hawakuamka. Kule nyumbani, nyasi zikachipuka miguuni mwa wale waliobaki.

Baba alirudi na fimbo tu.

Kwetu, mtu akifiwa na mifugo hivyo, jamaa zake humpa mtamba aanze upya. Baba mkubwa alimtengea mmoja mapema. Baba akakataa hata kwenda kumwona. "Mchungaji aliyeua ng'ombe hapewi mwingine," alisema, kisha akaja kukaa kwangu, kwenye nyumba ya kupanga, dirisha likitazama ukuta wa jirani.

Nikirudi kutoka dukani ninakouza vigae, namwinamia kichwa, ananigusa utosini. "Takwenya," ananisalimu. "Iko," naitikia. Hapo maongezi ya siku yamekwisha. (Hayo mengine yote nitakayoandika tuliyasema kwa Kimaa, nawawekea Kiswahili.)

Baba mkubwa alipiga simu kila mara. "Mwambie mtamba wake anakua. Nisije nikamkabidhi ajuza!"

Baba ananiashiria kwa mkono niseme amelala.

Sasa game. Mimi hucheza kwenye TV ya sebuleni. Ndiyo, mimi ni mwanamke, na wenye swali wamwulize Njoro. Njoro ni rafiki tuliyesoma naye, anakaa Gataka, kule Rongai. Tunacheza online, na kila mechi ikiisha lazima atume voice note ya kunitusi kwa upendo.

Team yangu ilikuwa na wale wachezaji wa bure ambao unaweza kuwabadilisha majina. Siku moja, kuziba tu ule ukimya, nikauliza, "Papa, huyu wa mbele nimwite nani?"

Nikamaliza mechi, nikaenda kuosha vyombo. Nikiwa jikoni nikasikia:

"Narok."

Nilikimbia na povu mikononi kuandika kabla hajaghairi.

Kesho yake akanipa Nado, acheze beki, "kwa sababu hakuwa akimpisha mtu kisimani." Keri akapewa winga. Mugie akawekwa golini. "Mvivu," baba alisema, "lakini ni mkubwa, atajaza mlango."

Wakuu, mmeshaelewa. Alikuwa akinipa majina ya wale waliobaki kwenye tope. Niliandika tu, mmoja mmoja, na kila jina lililoingia lilimsogeza baba kidogo karibu na TV.

Tatizo likawa substitution.

"Papa, Narok amechoka. Ona, nguvu zimeisha. Natoa."

"Humtoi Narok."

"Hawezi hata kukimbia!"

"Amechoka, lakini ni wa nyumbani. Unamtoa aende wapi?"

Nilifungwa mechi nyingi kwa ajili ya Narok. Rank yangu ilishuka mpaka nikaanza kupangiwa na watoto wa shule. Sikujali sana. Baba alikuwa anabishana, na mtu anayebishana yuko hai.

Basi ikafika Jumapili moja mchana, tumetoka kanisani, nikacheza na Njoro. Siku hiyo, wakuu, nilicheza mpira. Nado hakupitwa. Keri alikuwa anakata ndani kama kisu kwenye siagi. Narok aligonga mwamba, akagonga tena, kipa wa Njoro akawa na mikono kama pweza.

Dakika ya mwisho, Njoro akapiga shuti moja la hovyo. Likampiga Nado mgongoni, likageuka, likaingia. Mugie hata hakusogea.

Voice note ikafika, nikaifungua bila kufikiri, sauti juu:

"Dadaaa! Ng'ombe zako zote zimelala leo! Kwani zilikosa nyasi?"

Njoro hakujua. Nilimwambia tu ni majina ya ng'ombe, akadhani ni ya kuchekesha.

Nikaizima. Nilitaka sakafu inifungukie. Baba alikuwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili, akitazama matokeo yameganda kwenye screen.

Akauliza, "Ulikosea wapi?"

"Sikukosea, papa."

"Umefungwa."

"Nimefungwa, lakini sikukosea." Nikamweleza kama ninavyoelewa: kwamba game hupima shuti lako, liko karibu kiasi gani, mpigaji ana nguvu kiasi gani, kisha hurusha dadu mahali tusipopaona. Shuti zuri hupata dadu ya kirafiki zaidi. Bado ni dadu.

"Anayerusha ni nani?"

"Hakuna mtu. Ni hesabu."

"Yule kijana wa Gataka anaiona?"

"Haioni pia."

"Sasa anajisifia nini?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Rudisha mwanzo."

Nikaweka replay. Kila mahali aliniambia nisimamishe. Hapa ulikosea? Hapana, papa. Na hapa? Hapana. Hapa? Hapa ningetoa pasi mapema kidogo. Akaitikia kwa kichwa, tukaendelea. Tulifika mpaka lile bao, akalitazama, asiniulize.

Kisha, bila kuondoa macho kwenye TV, akasema:

"Nilitoka nyumbani kisima kilipokauka. Hapo nilikosea?"

Niliweka pad chini. "Hapana, papa."

"Niliuliza watu waliotoka Illasit. Walisema mabua yapo. Hapo?"

"Hapana."

"Mawingu hayakuwepo. Nilitazama asubuhi na jioni."

"Najua ulitazama."

"Narok alianza kubaki nyuma. Sikusimama. Nilisema tufike kwanza." Sauti yake ikapungua. "Hapo?"

Ningeweza kumdanganya, wakuu. Lakini alikuwa amenisikiliza nikikiri ile pasi.

"Hapo labda mngepumzika," nikasema. "Lakini mvua ingewakuta pale pale."

Akafuta uso kwa kona ya shuka lake, taratibu, kama mtu anayefuta vumbi.

"Kaka yangu naye hakuiona," akasema.

"Hakuiona, papa. Alibaki tu."

Baba mkubwa alipopiga simu jioni hiyo, baba alinyoosha mkono. Si kuniashiria. Kuchukua simu.

Jumamosi iliyofuata nilimpeleka. Baba mkubwa alikuwa amesimama langoni mwa boma na mtamba wa madoadoa, mwembamba wa shingo, mwenye dharau machoni. Baba alimzunguka, akampapasa mgongo, akamtazama meno. Akauliza anakunywa vipi. Hakusema asante, kwetu mikono ile ilikuwa imeshasema.

"Utamwita nani?" baba mkubwa akauliza.

"Dadu."

Baba mkubwa akanitazama mimi, akamtazama yeye. Ng'ombe wetu wengi huitwa kwa rangi. "Dadu ni rangi gani hiyo?"

"Ile isiyoonekana," baba akasema, akamfungulia mtamba njia.

Nyumba yangu imerudi kuwa kimya, lakini ni kimya kingine. Njoro nilimweleza, akataka kufa kwa aibu, akamtumia baba salamu ndefu ya pole. Baba alijibu kwa kuuliza kama Gataka kuna nyasi.

Narok bado yuko mbele. Bado simtoi.

Nilichojifunza ni kidogo. Rudisha mechi mwanzo, itazame kwa haki, kiri ile pasi uliyochelewesha. Dadu usiibebe mgongoni, hukuirusha wewe.

Haya, wajuzi wa script, nikosoeni kuhusu mechanics, najua mnatamani. Ila na wewe uliyewahi kufanya karibu yote sawa na bado ukafungwa, uwanjani au kwingine, kaa hapa chini utusimulie. Nitamsomea baba.