Maria Aliyebeba Mtoto Mgongoni

Ipo siku moja ya Desemba ambayo hainitoki, mwanangu. Nilikuwa kijana, mgeni hapa Sydney, nafanya kazi katika ghala moja la Smithfield. Niliomba ruhusa nimsaidie baba mkubwa Yuvenali kupeleka sanamu zake kanisa kuu. Alikuwa mchongaji tangu kambi ya wakimbizi kule Tanzania, na mwaka mzima alishinda bandani nyuma ya nyumba yake Doonside akichonga pango la Noeli: Yosefu, wachungaji, punda, na Maria.

Tulipozipanga, padri akauliza mtoto yuko wapi, maana hori lilikuwa tupu. Baba mkubwa akamgeuza Maria. Mtoto alikuwa mgongoni, kafungwa kwa kitenge cha mti uleule, kama wanavyobebwa watoto kwetu.

"Mwambie walikuwa wanakimbia," akaniambia nitafsiri. "Mama anayekimbia hamlazi mtoto."

Padri akakubali. Mimi nilikuwa bado naishangaa ile sura ya Maria, na kwenye treni ya kurudi nikamuuliza ni ya nani.

"Ni mama yake Goreti. Risasi ilimpata kifuani. Nilimfungua mtoto mgongoni, nikakimbia naye. Sikumzika."

Goreti ni binti yake. Alikuwa akihudumia wazee kule Campbelltown, na alikuwa kamsusa baba yake, kwa sababu kila akiuliza habari za mama aliambiwa alikufa vitani, basi. Mara ya mwisho nilikuwepo. "Dad, I don't even know her face," alisema, hata sura ya mama haijui. "Huna picha, huna neno. Then don't call me. Usinipigie."

Nikamsihi mzee ampigie simu amweleze. "Akija Noeli atamwona mwenyewe," akasema. "Mimi mdomo wangu unakataa." Noeli haikumkuta. Tulimkuta amekufa bandani, patasi ingali mkononi.

Baada ya mazishi nikampeleka Goreti kanisani, nikamwambia yote niliyoyajua, nayo yalikuwa machache mno. Aliishika ile sura kwa viganja viwili. Akaniuliza kama mama yake alikuwa mwimbaji, kama alikuwa mrefu, alimwita jina gani alipomlaza. Nikamwambia hayo baba yake hakunisimulia. "Who do I ask now?" akasema, sasa amuulize nani. Nililia, mwanangu, mbele ya waumini wote waliokuwa kanisani.

Mzee simlaumu, aliyoyaona yalimfunga kinywa. Ila nakuomba: mkubwa wako akinyamaza kuhusu marehemu wake, usimsusie. Panda treni, umenye naye viazi, umuulize kitu kidogo tu, marehemu alipenda kula nini, alichekaje. Hayo mazito yatakuja yenyewe, au hayatakuja, lakini utakuwa umepata kicheko chake. Na wewe ukiwa na neno la kumwambia mwanao, mwambie kwa kinywa chako, hata sauti ikitetemeka.

Mungu akuwekee watu wa kuwauliza, mwanangu. Na zamu yako ya kuulizwa ikifika, akufungue kinywa.