Kadi Sita Mbele ya Baba

Chuoni tulifundishwa kwamba akili haionekani, ila kazi yake inapimika: inapokea habari, inazipanga, inazihifadhi, inazitoa zinapohitajika. Mimi nilivipenda vipimo kuliko akili yenyewe. Nilivipenda kwa sababu hatimaye mwenye kuuliza maswali ningekuwa mimi.

Baba alikuwa mrina asali. Mizinga yake ya magome ilikuwa porini, mbali na Igalula, na huko alikwenda peke yake kwa baiskeli. Safari moja alichelewa kurudi siku mbili. Kaka yangu akaingiwa na hofu, akamleta kwake mjini, Ipuli, kisha akanipigia simu.

"Mdogo wangu, wewe ndiye msomi wa mambo ya akili. Mpime mzee. Ukisema yuko sawa, namrudisha kwa nyuki wake. Ukisema hayuko sawa, haendi tena."

Nilimpima sebuleni, baada ya chai. Nilimwekea mezani kadi sita za picha: shoka, kisu, jembe, asali, nyama, mihogo. Nikamwambia azigawe mafungu mawili, vinavyofanana vikae pamoja. Jibu nililolitaka ni zana huku, chakula huku.

Baba alizitazama, akatengeneza mafungu matatu. Shoka na asali. Kisu na nyama. Jembe na mihogo.

"Mafungu mawili, baba."

"Asali bila shoka utaipataje, mwanangu? Utakaa chini ya mti uisubiri ianguke?"

Kaka alicheka. Mimi sikucheka. Nilijua vizuri kwamba alichofanya baba si ugonjwa. Tulikwisha kuonywa darasani kwamba mtu hupanga vitu jinsi anavyovitumia, na kwamba mpimaji mjinga huita hilo upungufu. Nililijua hilo na bado nikaandika sifuri, kwa wino, taratibu.

Nilipokuwa shule ya msingi baba alikuwa akiniuliza jedwali la kuzidisha kabla ya kula, fimbo ikiwa mapajani. Nikikosea nilipiga magoti kwenye kokoto, nikiutazama ugali wangu ukipoa, na wengine wakila. Aliniita kichwa maji mbele ya wageni. Mkuki kwa nguruwe, nilisema moyoni siku ile ya kadi, nikasikia raha ambayo mpaka leo naionea aibu.

"Hayuko sawa," nikamwambia kaka.

Baba hakubisha. Aliuliza tu amekosea wapi, nami nikamjibu kwamba majibu hayatolewi. Wiki hiyo hiyo kaka aligawa mizinga kwa warina wengine na baiskeli akampa shemeji yake.

Nilirudi Ipuli baada ya miezi minane. Baba alikuwa amekaa mbele ya televisheni, kandambili miguuni, mikono imelainika kama ya karani. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama usoni. Mke wa kaka alinieleza kwamba siku hizi mzee huuliza kama ameshakula, na akiambiwa amekula, anakubali.

Nikaingiwa na hofu. Nikazitoa zile kadi, safari hii kwa nia njema, maana nilitaka kufuta lile neno langu. Nilitaka aweke shoka na asali pamoja, nimwite kaka aone, nikiri kwamba nilidanganya.

Baba alikaa wima. Akachukua shoka, kisu, jembe, akaviweka kushoto. Asali, nyama na mihogo akaviweka kulia. Alifanya haraka, bila kukosea, kama mtu aliyefanya mazoezi, na mke wa kaka akasema ndiyo, kila asubuhi mzee humwomba mjukuu wake anayesoma shule amfundishe jibu alilolitaka shangazi yake.

Kisha akanitazama.

"Safari hii nimepata?" aliuliza.

"Umepata, baba. Umepata yote."

Alisimama, akaanza kutafuta viatu vyake. "Basi mwambie kaka yako alete baiskeli," alisema. "Nyuki wamenisubiri sana."