Kasuku na Dawa ya Kupe

Nakiri mbele za Mungu: kasuku wangu alipoanza kujing'oa manyoya, nilimpulizia dawa ya kupe ya ng'ombe. Akafa siku hiyohiyo.

Juzi, kwenye duka la dawa za mifugo Mlowo, mama mmoja aliweka mezani tundu la kasuku mwenye kifua kitupu.

"Kupe tu hao, mama," muuzaji akasema, akichukua dawa ileile.

"Alianza lini, mama?" nikauliza.

"Tangu tumzike mzee wangu. Ndiye aliyekuwa anaongea naye."

Kasuku akasema kwa sauti ya kiume, iliyochoka: "Mama, nipe maji."

Mama akajifunika uso kwa kitenge. Muuzaji akairudisha chupa.

Sisi huku, mnyama akijikuna tu, tunakimbilia bomba la dawa. Wangu nilikuwa namwacha peke yake kutwa nzima. Tafadhali msomaji, kasuku wako akijing'oa manyoya, kaa naye, umsemeshe.