Kindu enzi za Wabelgiji: siku wazungu walipokagua kitanda changu ili mume wangu apewe sheria

Wakuu, pisheni bibi apite.

Mimi ni mkongwe kuliko wengi wenu humu, meno niliyobaki nayo hayamalizi hata pingili ya muwa. Ninachowaletea nimekiona kwa macho yangu. Sitatia chumvi, na chumvi yenyewe daktari ameshanikataza.

Naandika kwa sababu juzi mkuu mmoja kwenye uzi mwingine kasema eti enzi za mkoloni sheria ilikuwa sheria, kila mtu alipata haki yake. Nikasoma nikaweka simu chini. Baadaye nikaichukua tena.

Mkuu, sikugombezi. Hukuwepo. Kaa nikusimulie.

Nilizaliwa Maniema, nikaolewa Kindu miaka ya hamsini, Kongo bado iko mikononi mwa Wabelgiji. (Kigoma nimekuja ukubwani, ndiyo maana mnanisoma bila mkalimani.)

Mume wangu, tumwite Polo, alisoma kwa mapadri, akawa karani wa mizigo kwenye gari moshi. Tuliishi na mama yake, Mama Zaina, Mwislamu wa watu. Anakula chini kwenye mkeka, anaswali swala zake tano, hana maneno na mtu. Mimi nilifika kwake hata sombe sijui kupika, nyinyi mnaita kisamvu. Alinifundisha bila kunisema kwa majirani, na wenye mama wakwe mnajua hilo ni jambo kubwa.

Sasa sheria.

Zilikuwa mbili. Mzungu na korti yake, mweusi na yake. Mweusi akikutwa mitaa ya wazungu giza limeingia, hana kibali, ndani. Na huko ndani kulikuwa na kiboko. Polo alishakula kiboko kabla hajanioa. Niliziona alama mgongoni mwake, sikuuliza, naye hakunieleza mpaka anakufa.

Kutoka kwenye hilo kulikuwa na mlango mmoja tu: karte, kadi ya serikali. Ukiwa na karte umehesabiwa kuwa umestaarabika, kiboko hakikugusi, na mambo yako yanasikilizwa kwenye korti ya wazungu.

Lakini kabla hawajakupa, wanakuja kukukagua.

Nyumbani kwako. Mnanisoma?

Wanataka mke mmoja, meza, uma na kisu, choo safi. Na wasikute ndugu wamejaa ndani. Kuishi na ukoo, kwao, ilikuwa dalili ya ushenzi.

Hapo ndipo Mama Zaina alipokuwa tatizo.

Polo alishindwa kumwambia. Alizunguka, akakohoa, akazungumzia hali ya hewa. Mama mwenyewe akasimama, akakunja mkeka wake.

"Niko naenda kwa dada yangu ngambo ya mto," akasema. "Wakiisha kwenda, nitarudia. Musiogope."

Akabeba na sinia lake, wasije wakaliona.

Wakaja. Wazungu watatu na mweusi mmoja ambaye karte alishaipata zamani. Huyo muda wote alikuwa anaangalia dari.

Walifunua sufuria zangu. Walifungua kabati. Waliniambia niandae meza, nikaandaa, uma kushoto, kisu kulia. Wakaniuliza kama nakula pamoja na mume wangu. Nikajibu kwa Kifaransa nilichokariri wiki nzima.

Halafu wakaingia chumbani. Mmoja akafunua shuka la kitanda chetu kwa ncha ya kalamu, akainama, akanusa.

Wakuu, nilikuwa nimesimama pale na gauni la kanisani na viatu vya kuazima vinanibana. Nilijisikia kama nimevuliwa nguo na mume wangu ndiye ameshika taa. Polo alikuwa anatabasamu. Sijawahi kumwona mtu anatabasamu vibaya namna ile.

Wanatoka nje, mmoja akasimama kwenye kamba ya nguo. Ushungi wa Mama Zaina ulikuwa umeanikwa pale. Tulificha mkeka, tukaficha sinia, ushungi tukausahau!

"Hii njo ya nani?" akauliza, yaani hii ndiyo ya nani.

Nikajibu mimi.

"Iko ya mwanamuke anatufuliaka nguo, Bwana."

Akatikisa kichwa, ameridhika. Kumbe kuwa na mtu wa kukufulia nako ni ustaarabu.

Mama aliporudi tukamsimulia. Alicheka mpaka akajifuta machozi. Siku nyingi baada ya hapo nikimwita anaitika, "Mama wa kufua niko hapa!" Tunacheka wote. Aibu ikiwa mpya huwa inachekesha, wakuu. Uchungu unakuja nyuma.

Karte ikatoka.

Polo akawa mtu mwingine. Jioni anavaa kravati, nyinyi mnaita tai, anapita mitaa ya wazungu makusudi, asimamishwe tu. Anasimamishwa, anaitoa, anaachiwa, anarudi nyumbani anacheka. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba asiyeshukiwa hasimamishwi.

Halafu mzungu mmoja wa mashamba akamgonga Mama Zaina na gari.

Mchana kweupe, njia ya sokoni. Watu waliokuwepo walisema gari lilitoka njiani likamfuata pembeni alipokuwa anapita, na dereva ananuka pombe. Hakushuka. Mguu wa mama ulivunjika chini ya goti, ukaunga vibaya. Hakutembea sawa tena.

Majirani wakasema tumshukuru Mungu, yupo hai, tuyaache. Polo akakataa.

"Zamani ningenyamaza," akaniambia. "Leo niko na karte. Sheria yao njo yangu."

Akaenda kushitaki. Na kesi ikapokelewa kweli! Nilipika kuku siku hiyo.

Siku ya korti mzungu alipewa kiti. Polo, kwa heshima ya karte, benchi la nyuma, mimi pembeni yake na mkoba magotini. Mama Zaina akaonyeshwa sakafu. Alikaa chini na ule mguu ameunyoosha mbele, hauwezi kukunjika.

Mashahidi wetu hawakuitwa. Mzungu aliulizwa kidogo, akasema bibi alijirusha barabarani. Halafu akaongeza jambo lililonikata maini. Alikuwa ameshachunguza.

Akasema, kama huyu mama anaishi kwa huyu karani, basi karani aliwadanganya waliokuja kumkagua. Anyang'anywe karte na yeye ashitakiwe.

Jaji akamgeukia Polo. Kesi ya mguu imeishia hapo hapo, sasa kesi ni nani analala nyumbani kwetu. Akauliza kama mama yake anaishi kwake.

Polo akasimama. Akafungua mdomo. Nikamwona anatazama mguu wa mama yake, kisha anatazama mlango ambako askari wamesimama. Mgongo wake nilikuwa naujua, na yeye alikuwa anaujua kuliko mimi.

Mama Zaina akajibu kutoka sakafuni, hata hakuulizwa.

"Bwana Juge, huyu njo mutoto yangu, lakini sikai kwake. Nakujaka tu kuwafulia nguo, kisha narudia."

Mkalimani akatafsiri. Polo akakaa.

Mimi sikuulizwa kitu. Nilibana mkoba.

Jaji akamuuliza mama anarudia wapi, na kibali chake cha kukaa Kindu kiko wapi. Hakuwa nacho. Hukumu ikatoka: mzungu hana kosa. Bibi anazurura mjini bila kibali, arudishwe kwao Kabambare.

Yaani aliyevunjwa mguu ndiye aliyehukumiwa. Mkuu wa juzi, sheria yako ndiyo hiyo.

Tulimpeleka kituoni. Karte ya Polo ilimruhusu behewa zuri, mama yake hakuruhusiwa kulisogelea. Tukampandisha la nyuma, pamoja na mizigo ya watu. Polo analia waziwazi, mama anamfuta kwa ncha ya ushungi ule ule.

Gari linaanza kuondoka, akaniita mimi.

"Mutoto yangu, nguo iko kwa kamba. Utoe mbele ya mvua kunyesha."

Nilidhani ananitania, kama zamani. Tukarudi nyumbani. Kwenye kamba kulikuwa na mashati ya Polo, meupe, yamekauka, na gauni langu la kanisani. Alikuwa ameyafua asubuhi ile kabla ya safari, na mguu wake mmoja mzima.

Alifia Kabambare kabla ya uhuru. Uhuru ulipokuja, karte haikuulizwa tena na mtu yeyote.

Nilichojifunza, wakuu: sheria inayokuja kwanza kukupima kama wewe ni mtu, hata ukishinda mtihani wake bado itabaki na wenyewe. Wao walitudhulumu, hilo nalisema bila kumung'unya. Lakini aibu walituachia sisi, na mimi yangu bado ninayo.

Kama babu au bibi yako alikaguliwa, Kindu, Kalima, popote, muulize angali anaongea. Halafu njoo uandike hapa chini alificha nini siku ile, au alimficha nani. Matusi pia leteni, nimeshakua.

Wajukuu zangu wananigombeza kila siku niwaachie nguo zangu wazifue. Mgongo umekataa, vidole vimekataa. Bado nafua mwenyewe.