Jioni Niliyompita Goreti

Ile jioni niliyompita Goreti njiani naikumbuka mpaka vumbi lake, mwanangu. Nakusimulia leo kwa sababu umerudi jana kutoka Gitega, na kile kiboksi cha lenzi umekificha chini ya nguo zako. Usinitazame hivyo. Nimekiona. Mimi changu nilikificha ndani ya kibuyu cha mbegu, kwa hiyo kuficha nakujua.

Nilikuwa binti, ndio kwanza tumerudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, tunalima hapahapa Mwakiro. Kioo cha jicho langu kilikuwa kimechongoka mbele kama chako, na miwani haikunisaidia kitu. Daktari mmoja Gitega ndiye aliyenipimia lenzi ngumu, zile pana za kujazwa maji ya dawa kabla ya kuzibandika jichoni. Siku ya kwanza niliona majani ya mti moja moja, nikalia hadi nesi akanigombeza.

Lakini lenzi zile huwezi kushinda nazo kutwa nzima, wewe mwenyewe umeambiwa. Ikifika alasiri macho yanawaka, unazitoa, na nyuso zote zinageuka ukungu. Basi asubuhi nilikuwa nasalimia watu toka mbali, kwa majina, na jioni nawapita kimya. Sikumwambia mtu. Nilikuwa na mchumba, nikaogopa ataambiwa anaoa kipofu. Watu wakaanza: "Huyu Mtanzania iko na majivuno. Asubuhi anacheka na wewe, jioni hakujui." Nilisikia, nikanyamaza. Ujinga gani ule!

Goreti peke yake hakunichoka. Alikuwa jirani yetu, na kila asubuhi tulichambua maharage kwenye ungo mmoja, mimi nikiwa na macho yangu ya Gitega. Yeye ndiye aliyenifundisha Kirundi cha hapa, maana changu kilikuwa cha kambini na watu walinicheka.

Nikaenda Gitega kupimwa tena, nikalala huko siku mbili. Wakati wa kurudi nilizitoa lenzi Muyinga mjini, nikiogopa vumbi la pikipiki. Nikashuka barabarani, nikaanza kutembea kwenda nyumbani. Watu walikuwa wanakuja, wengi, kimya. Mmoja akasimama mbele yangu. Akangoja. Nami, kama kawaida yangu, nikainamisha kichwa nikapita.

Walikuwa wanatoka kumzika mama yake Goreti. Aliyesimama ni yeye.

Niliambiwa asubuhi, shangazi niliyekuwa nakaa naye aliporudi kutoka kukesha msibani. Nikavaa lenzi, nikakimbia kwao, nikamweleza kila kitu mbele ya watu wa msiba. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "We unaona kajiwe kwenye maharage yangu, mi mzima hukuniona?" Akageuza uso. Hilo nililiona vizuri sana.

Shangazi alisubiri nimalize kulia. "Macho yamepata daktari," akasema, "na mdomo wako je, nao unaumwa? Ungesema tu."

Baadaye Goreti aliolewa mbali, akaondoka bila kuniaga. Mchumba naye alioa kwingine, wala si kwa ajili ya macho. Alisema mimi nina sura mbili. Miaka yote hii nimekaa hapa naona kila kitu, mpaka nani anapita kule bondeni asikate kona kuja kwangu. Ni upweke, mwanangu, siwezi kuuita jina lingine.

Kwa hiyo kitoe hicho kiboksi, kiweke mezani, watu wa nyumbani wakijue, na maji yake ya dawa mtu asiyaguse. Na jioni, mtu akisimama mbele yako, usiiname. Mwambie, "Samahani, sikuoni. Wewe ni nani?" Hata akicheka. Hata akienda kutangaza. Lakini sema sasa, wakati bado wanakuamini, kwa maana mimi niliposema, ukweli ulikuwa umeshafanana na uongo.

Siku hizi nikishazitoa zangu, nikasikia miguu njiani, napaza sauti: "Nani huyo?" Wananijibu vizuri tu, wanapita zao. Hajawahi kuwa Goreti.

Mungu akulindie macho hayo, mwanangu. Na Goreti wako, akujalie usimpite.