Mama Mkwe Hayumo Kwenye Silabasi

Juzi, kwenye stesheneri moja hapa Tarime, niliona msomi akizama chini ya meza. Wiki nzima jamaa alijiandaa na mtihani wa mtandaoni wa kazi ya kutengeneza programu, kampuni fulani ya Mwanza. Siku ya mtihani, hapo hapo stesheneri, nikajitolea kumlindia mlango asiingie mtu. Akanipima juu mpaka chini: "Wewe uliyeishia kidato cha pili utanisaidia nini?"

Haya, profesa.

Sharti kubwa la mtihani: usitoke mbele ya kamera. Jamaa alikuwa anabofya huku anatabasamu peke yake, mara mama mkwe wake akaingia kutoa kopi. Na huku kwetu Ukuryani, mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Msomi huyo, chini!

Mama akageukia ukuta, akaniambia mimi: "Mwanangu, mwambie huyo wa chini sikawii, ni kopi moja tu."

Kompyuta haina wakwe. Ikamfungia mtihani.

Sasa anajiandaa kwa kampuni nyingine. Jana kanifuata mwenyewe, mpole kama kondoo: "Kaka, mlangoni utanisimamia?"

Nimemwambia aandike barua ya maombi, kisha aje kwenye usaili.